Mstari wa Makaa wa Mama Pétronille

Siku ya kwanza nilipoingia nyumbani kwa mama mkwe wangu, pale Mudzi-Pela, Bunia, nilidhani fundi wa rangi alikimbia kazi kabla ya kumaliza. Ukutani ulipita mstari mweusi wa makaa, kimo cha goti, umenyooka vizuri. Ulizunguka sebule yote, ukajificha nyuma ya kabati, ukatokea upande wa pili, ukaruka mlango na kuingia chumba cha kulala. Vitanda vilikuwa vimekatwa miguu, vimekaa sakafuni. Chini ya kila dirisha matofali yalikuwa yamepangwa kwa ndani, kana kwamba mtu alitaka kujenga nyumba nyingine ndani ya ile nyumba.

Mimi ni Honorine, mtu wa Ariwara. Kwetu ni soko, ni magari ya Uganda, ni kelele za watu wanaobishana bei. Mdomo wangu hauna breki na sijifichi. Nikamuuliza Gérard, ambaye wakati huo alikuwa bado mchumba wangu, "Mama yako na rangi ya nyumba beko na ugomvi gani?"

Hakucheka. Aliniambia nivue viatu, nikamsalimie mama.

Mama Pétronille alikuwa akiuza samaki wa chumvi soko kuu. Mwanamke mrefu, mweusi, mifupa mikubwa, mikono yake ikinuka chumvi hata siku ya misa. Alizaliwa Mahagi-Port, ziwani, na utotoni baba yake alikuwa akimzamisha majini kwenda kunasua nyavu zilizoshikwa na mawe, maana ndiye aliyekuwa na pumzi ndefu kuliko kaka zake wote. Habari hiyo aliipenda. Akiisimulia alikuwa anajaza mashavu hewa, anafumba macho, na sisi tunahesabu mpaka tunachoka.

Habari ya mstari hakuipenda, lakini aliniambia, kwa sababu nilikuwa naingia kuishi chini ya paa lake.

Ilikuwa mwaka wa vita, 2003. Yeye, mume wake Louis aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Gérard mwenye miaka kumi na moja walikuwa wamelala sakafuni tangu asubuhi. Risasi zilipita juu yao, zikatoboa bati, zikatoboa kabati. Mchana kukawa kimya. Kimya kirefu, hata kuku wakaanza kulia nje. Louis akainua kichwa, akasikiliza, akasema, "Ilishapita." Akasimama aende dirishani kuangalia. Tundu la risasi ile lipo hadi leo juu ya kabati, na Mama ametundika hapo kalenda ya parokia, kila mwaka mpya anabadilisha.

Baada ya mazishi alipima matundu yote ya nyumba kwa kijiti. La chini kabisa lilikuwa juu ya goti lake. Akachukua kaa la jikoni, akachora.

"Chini ya mustari ni uzima," aliniambia. "Juu ya mustari ni mambo ya Mungu."

Sheria zake zilikuwa tatu. Akisema "Chini!", unaanguka pale pale ulipo, shavu sakafuni, mikono kisogoni. Ukiitwa kutoka nje, huitiki wala husimami, hata ukiitwa kwa jina lako, hata anayekuita akiwa mama aliyekuzaa, maana mama wa mtu anaweza kuitishwa kwa bunduki mgongoni. Na hakuna anayeinuka mpaka yeye mwenyewe atamke neno: ilishapita.

Tulifanya mazoezi. Sitanii. Jumamosi akirudi soko, maharagwe yako motoni, mgeni yuko mlangoni, anapiga kelele "Chini!" na wote tunaenda sakafuni. Mimba ya Plamedi niliibeba hivyo, nimelala ubavu kwenye saruji, nikitukana moyoni kwa lugha zote ninazojua. Nilimwita Gérard pembeni nikamwambia mama yake anatulea kama panya. Mtoto akazaliwa, na kabla hajajua kusema sawasawa alikuwa anajua kuanguka. Alikuwa anaanguka vizuri kuliko sisi wote. Mama Pétronille alimsifu mbele ya majirani, na mimi nilikasirika mpaka nikashindwa kula.

Gérard alipata kazi Goma, kutengeneza mashine za mashua. Julai 2022, shule zimefungwa, akatuita sote watatu. Ndege kutoka Bunia ni karibu saa moja tu. Alitaka tuone ziwa Kivu, na zaidi ya yote kisiwa kimoja kidogo cha volkano ambacho wavuvi wanakiita Chungu, kwa kuwa katikati kimetoboka na ndani mna maji. Watu wenye nafasi zao wanapelekwa kukiangalia. Plamedi, miaka sita, alikuwa ameshawaambia wenzake wote wa darasa kwamba anakwenda kuona mlima wa moto, hivyo kukataa haikuwezekana. Mama alikuja shingo upande. Ndani ya ndege alikanyaga sakafu kwa kisigino, akaniuliza, "Na chini ya hii, kuko nini?"

"Mawingu, Mama."

Akashika rozari yake.

Nitasema ukweli: Chungu ni kuzuri. Mashua ilitembea saa mbili, Gérard mwenyewe kwenye mashine, mpaka ukatokea ukuta mweusi ndani ya maji. Mchanga wake ni mweusi, unachoma unyayo. Mawe yake yana matundu matundu, makubwa kama kichwa cha mbuzi lakini unayainua kwa vidole viwili, na Plamedi aliyabeba kwa fujo akijiita jitu. Minandi walikaa mstari mrefu kwenye genge la mwamba, mabawa yamefunuliwa yakauke. Kaskazini, mbali, mlima wenyewe ulikuwa unatoa moshi. Gérard alibaki ufukweni kwa sababu mashine ilikuwa imeanza kukohoa. Sisi tulipewa mwongozaji, Yves, mtu wa makamo mwenye kofia nyekundu, aliyezaliwa kijiji cha wavuvi ng'ambo ya pale.

Njia ya kwenda juu inapita kwenye kishimo. Huwezi kukikwepa, upande mmoja ni genge, upande wa pili ni mwamba. Ni kama hatua thelathini kukivuka. Nilikiona nikakipenda: majani mabichi, mazito, hakuna sehemu nyingine ya kisiwa yenye majani kama yale. Pembeni vilisimama vigingi vya mti, na kila kigingi kilikuwa na alama nyekundu ya rangi, kimo cha goti.

Yves akatusimamisha. Akatuonyesha kwa fimbo yake: panzi waliokufa, wengi. Panya wawili. Mnandi mmoja, mzima kabisa, hana jeraha, amelala kifudifudi. Kisha akawasha majani makavu, akayashusha polepole kando ya kigingi. Moto ulipofika kwenye alama nyekundu ulizimika. Haukufifia kwanza. Ulizimika.

"Siye tunaita mazuku," alisema. "Ni hewa mubaya, inatoka ndani ya udongo. Iko nzito, inakaa chini. Haina harufu, haina rangi. Ukipita wima, kichwa juu, haina neno. Usiiname, usiokote kitu, usikae. Mutu akilala pale, dakika moja, mbili, haamuki tena."

Plamedi akamgeukia bibi yake, akapiga makofi. "Koko! Iko mustari sawa ya kwetu!"

Nilimtazama mama mkwe wangu. Uso wake ulikuwa umekauka. Alimwomba Yves arudie.

"Chini ya mustari ni kufa?"

"Ndiyo, Mama."

"Na juu?"

"Juu ndiko unapumua."

Akafanya ishara ya msalaba. "Hapa haiko fasi ya batu," alisema. "Turudi."

Na mimi nikacheka. Naliandika hapa kwa sababu sipendi kujitakasa. Nilicheka mbele ya Yves, nikasema mama yetu amechora mstari wake Bunia, sasa amekuta wa mwenzake. Yves akatabasamu kwa adabu, akamweka Plamedi mabegani, kwa kuwa watoto huinama ovyo, na tukavuka. Mama Pétronille alivuka wa mwisho, shingo amenyoosha juu, kanga ameikunja kiunoni, anahesabu hatua kwa sauti.

Juu tulikaa karibu saa mbili. Maji ya ndani ya Chungu ni ya kijani, yametulia, na genge linashuka moja kwa moja mpaka pale. Kuna sehemu ambapo maji ya moto yanabubujika kati ya mawe, na Yves alichemsha mayai humo, tukala na ndizi. Plamedi alikula mayai matatu. Nilipiga picha nyingi. Hata Mama alianza kulegea, akamwambia Yves habari za Mahagi-Port, akajaza mashavu hewa, na mtoto akahesabu mpaka mia na nane.

Wakati wa kushuka mimi ndiye niliyemchelewesha Yves. Nilitaka picha moja zaidi, kofia yake nyekundu na mlima nyuma. Nilipoipata picha yangu ilibidi arudi kuchukua mfuko wake. Mimi na Mama tukatangulia taratibu, na Plamedi mbele yetu, anarukaruka. Nilimwita asubiri kwenye kigingi cha kwanza. Alisubiri, lakini upande wa ndani. Alisimama pale ndani ya majani mabichi, anatupungia mkono. Tulikuwa kama hatua kumi na tano nyuma yake.

Ndipo genge likaachia.

Kwanza ta, peke yake. Halafu ta-ta-ta-ta, haraka haraka, mawe yakigonga mawe juu yetu, na sauti ikarudi kutoka upande wa pili wa shimo lile la maji ikawa mara mbili. Mtu wa Goma angesema, mawe. Mtu wa Bunia hana nafasi ya kusema.

"Chini!"

Sauti ya Mama Pétronille. Na sote tukaenda chini. Hata mimi, mcheshi, mtu wa Ariwara. Mwili wangu ulikuwa ardhini, shavu kwenye jivu, mikono kisogoni, kabla akili haijauliza kitu. Miaka saba ya Jumamosi.

Nilipofungua macho nilimtafuta mwanangu na sikumwona. Niliona majani tu, na vigingi, na alama nyekundu. Kisha nikaona kisigino cha kiatu chake cheupe kati ya majani. Alikuwa ameanguka vizuri, kama alivyofundishwa.

"Plamedi! Simama!"

Kisigino hakikusogea.

"Plamedi! Simama, ni mama yako! Simama!"

Nyuma yetu Yves alikuwa anapiga kelele vilevile, simama, simama, mutoto asimame, lakini mawe yalikuwa yanaanguka kwenye njia kati yake na sisi, makubwa, na hakuweza kupita. Na kadiri tulivyopiga kelele ndivyo mtoto alivyozidi kutulia, maana ndivyo alivyoambiwa: watakuita kwa jina, hata mama yako atakuita, usisimame. Alikuwa anatutii kuliko mtoto yeyote anavyomtii mtu.

Niliinuka. Nilifika magoti tu. Kitu kikanishika kifundo cha mguu na kunivuta chini, nikaangukia kidevu.

Ni Mama Pétronille. Alikuwa amelala kifudifudi, macho amefumba, na mkono wake umenishika mguu. Mkono unaobeba magunia ya samaki. Nilimpiga teke la begani. Hakuachia.

"Louis alisimama," alikuwa anasema, mdomo kwenye udongo. "Louis alisimama. Louis alisimama."

"Mama, haiko bunduki! Ni mawe! Mutoto iko ndani ya mazuku!"

Ta-ta-ta. Akanikaza zaidi. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia wakati ule, na sijawahi kuogopa hivyo. Nilikuwa nahesabu bila kutaka. Dakika moja, mbili, Yves alisema. Ni ngapi zilishakwenda? Nilikuwa naona panzi wale. Namwona mnandi yule aliyelala kifudifudi, hana jeraha.

Ndipo nikaelewa kwamba kuna neno moja tu duniani ambalo mtoto wangu angelisikia, na mwenye neno alikuwa amenishika mguu.

"Mama, sema neno! Umusemee neno! Sema ilishapita!"

Akafungua macho.

"Haiyapita," alisema, na machozi yakamtoka. "Honorine, haiyapita, bado iko napiga."

"Sema ivo ivo! Anakufa, Mama! Anakufa kwa sababu ya kukusikia!"

Alinitazama. Miaka kumi na tisa hakuwahi kulitamka neno lile kabla ya wakati. Aliyelitamka kabla ya wakati alikuwa Louis, na kalenda ya parokia iko juu ya kabati. Nilimwona akifungua mdomo, sauti haitoki. Alijaribu tena, haitoki. Sauti yake ya kulala chini haikuwa na neno hilo ndani.

Mkono ukaachia mguu wangu.

Akasimama. Kwanza mikono, halafu goti, halafu lingine. Mawe yalikuwa yanapasuka juu yetu, na yeye akanyooka wima, mrefu vile alivyo, akainua kidevu, akapiga kelele ambayo nadhani Gérard aliisikia ufukweni:

"Plamedi! Ilishapita!"

Majani yakatikisika. Kichwa cha mwanangu kikainuka, kikatutafuta, macho hayaoni vizuri. Akajiinua kwa mikono. Akafika magoti. Halafu akalala tena, polepole, upande, na safari hii haikuwa kwa kutii.

Mama Pétronille alikuwa ameshaanza kutembea. Nikamfuata. Kwenye kigingi cha kwanza akasimama kidogo, akajaza mashavu hewa, akafunga mdomo. Akaingia wima. Pale mtoto alipokuwa akainama, akazama chini ya alama nyekundu mpaka mgongo tu ndio ulioonekana, kama vile alivyozama kunasua nyavu. Sikuhesabu. Akatoka na Plamedi ameshikwa kwa gauni, akamtupa begani, akarudi kwangu hatua kwa hatua bila kupumua, uso umevimba. Aliponipa mtoto ndipo alipovuta pumzi, na sauti ya pumzi ile ilikuwa ya kutisha kuliko mawe.

Midomo ya mwanangu ilikuwa imebadilika rangi. Yves alifika, akatusukuma tupande juu kwenye upepo, akamgeuza, akampiga mgongo. Plamedi akakohoa. Akatapika mayai yote matatu. Akalia, na mimi nikakaa chini nikashindwa hata kulia.

Tulivuka kishimo kile baadaye, mtoto mabegani kwa Yves, wote wima. Gérard alipotuona alidondosha kifaa chake majini. "Nini? Nini ilifanyika?"

Mama yake akaingia kwenye mashua, akakaa, akafunika magoti kwa kanga. "Nilisema neno mbele ya wakati," alisema.

Alama za vidole vyake zilikaa mguuni kwangu siku nne.

Tulirudi Bunia tukidhani tumemrudisha mtoto mzima. Mwili ulikuwa mzima. Lakini Plamedi alikataa kulala kwenye kitanda kisicho na miguu. Alilia mpaka tukamtandikia juu ya meza, na huko ndiko alikolala kila siku. Kijiko kikianguka hakuinama kukiokota. Alikuwa anapita sebuleni kidevu juu, na akikaa, alikaa kwenye kiti kirefu, miguu ameipandisha. Akiuliza kitu, aliuliza kimo chake. Maji ya mvua yalipoingia jikoni aliniuliza, "Mama, mazuku inafika mpaka wapi leo?"

Mama Pétronille aliacha mazoezi ya Jumamosi. Hakusema ameacha, aliacha tu. Lakini nilipochukua kitambaa cha maji nikataka kufuta mstari, alikuja akanishika mkono, safari hii taratibu, akakitoa kitambaa. Tuligombana. Nilimwambia mstari wake nusura uniulie mtoto. Aliniambia, "Najua. Na ukiufuta, na siku moja ikaja?" Nikarudi jikoni nimekasirika zaidi.

Siku ilikuja Novemba.

Ilikuwa saa tisa mchana. Mvua ilikuwa imemalizika. Mama alikuwa sebuleni akikung'uta chumvi kwenye samaki, mimi nachambua majani ya sombe, Plamedi amesimama kando ya meza anaandika kazi ya shule. Huwa anaandika amesimama. Ikasikika upande wa barabara kubwa: ta. Halafu nyingi. Nikatafuta uso wa Mama nione kama ni mawe. Bunia hatuna genge.

"Chini!"

Samaki wakamwagika. Mimi na yeye tulikuwa sakafuni. Niligeuza kichwa nimtafute mwanangu kando yangu, hakuwepo. Nikainua macho. Plamedi alikuwa bado amesimama mezani, kalamu mkononi, kidevu juu, amepauka kwa hofu. Kichwa chake kilikuwa usawa wa dirisha.

"Chini ya mustari, mwanangu! Chini!" Bibi yake alikuwa anapiga kelele.

"Hapana!"

"Plamedi, ni bunduki!"

"Chini kuko mazuku, Koko! Chini kuko mazuku!"

Nilitambaa. Nikamfikia, nikamshika kifundo cha mguu nimvute. Akaikumbatia meza, akapiga yowe ambalo nilikuwa nimelisikia mahali fulani, na nikajua ni wapi: ni mimi niliyepiga yowe lile kule Chungu. Hakuachia meza. Nilivuta, naye akavuta, na nje risasi zilikuwa zinakaribia, moja ikagonga bati letu kwenye kona.

"Muache," alisema Mama Pétronille.

"Mama, dirisha—"

"Muache, Honorine. Hatashuka."

Akainuka. Kwa mara ya pili maishani mwangu nilimwona akiinuka, mikono, goti, goti, katika sebule ile ile, chini ya kalenda ile ile. Mikono yake ilikuwa na chumvi. Akapita juu yangu, akaenda mpaka mezani, akaweka mgongo wake dirishani, mgongo mpana ule, akamzungushia mtoto mikono na kumficha kichwa chini ya kidevu chake. Akafumba macho. Hakusali, au hakusali kwa sauti. Mimi nilikuwa sakafuni, chini ya mstari, mkono wangu bado umeshika mguu wa mwanangu, na sikuweza kusogea.

Zikapita nyingi. Halafu chache. Halafu kimya.

Nilimtazama mgongoni, nikitafuta doa. Gauni lake lilikuwa na maua ya njano na kila ua lilinidanganya. Alikuwa hatikisiki. Nje kuku akaanza kulia.

"Koko," Plamedi alisema, sauti imezibwa kifuani kwa bibi yake. "Koko, sema neno."

Mama Pétronille akafungua macho. Akatazama kalenda juu ya kabati. Alitazama kwa muda mrefu, na mimi nilingoja, kama nilivyongoja miaka yote, aseme ili niinuke.

"Haiyapita, mutoto yangu," alisema. "Simama tu na miye."

Nikauachia mguu wa mwanangu. Nikaweka mikono sakafuni, nikajiinua juu ya mstari, nikaenda kusimama nao.